TV au projekta, ukutani au chini: kuchagua kwa sebule ya lofti

Mdogo wangu na mumewe wamehamia Mikocheni, Dar es Salaam, ghorofa ya juu kabisa ya jengo jipya, kwenye kile ambacho madalali siku hizi wanakiita lofti. Hakuna ukuta kati ya jiko na sebule. Dari iko mita tano juu. Chumba cha kulala ni jukwaa la zege lenye ngazi ya chuma na kingo ya vioo. Ukiiegemea unaliona kochi chini yako. Upande wa magharibi ni dirisha tupu, kutoka sakafuni hadi karibu na dari. Siku ya kwanza shemeji alisimama mbele ya ule ukuta mrefu mweupe, akapiga kofi moja kusikiliza mwangwi, akasema, "Shem, hapa ni inchi mia. Chini ya hapo tunauonea ukuta."

Nikamwomba asubiri alasiri. Kufika saa tisa na nusu jua likaingia lote, likalala juu ya kochi, likapanda ukutani. Dar jua huzama upande wa magharibi mwaka mzima, likisogea tu kaskazini au kusini kwa msimu, kwa hiyo hakuna msimu ambao dirisha hilo litapumzika. Halafu kumbuka ratiba: zile mechi za Jumamosi zinazochezwa Uingereza saa tisa alasiri kwa saa zao, kwetu ni saa kumi na moja au kumi na mbili jioni, kutegemea kama wao wamesogeza saa. Mpira na jua vinaingia sebuleni mlango mmoja, wakati mmoja.

Si bahati mbaya ya jengo hili peke yake. Lofti zilianzia kwenye viwanda na maghala ya zamani, na watu wengi wakizitaja wanafikiria SoHo ya New York, ambako wasanii walihamia majengo ya viwanda yaliyoachwa na jiji likaruhusu rasmi wasanii kuishi humo mwaka 1971. Majengo yale yalipewa madirisha makubwa ili mfanyakazi aone anachofanya. Mwanga ndio uliokuwa sababu ya nyumba kuwa hivyo. Wewe unaleta ndani yake kitu kinachouchukia mwanga, kisha unataka kipendeze. Ndiyo maana nimeanza na jua, na urembo utafuata.

Inchi ngapi, kabla ya kitu chochote

Ukuta mrefu unadanganya. TV ya inchi 65 ina upana wa sentimita 144 na kimo cha 81. Kwenye ukuta wa mita tano itaonekana kama stempu kwenye bahasha, na hapo ndipo mtu anakimbilia inchi 85 au 100. Lakini humtazamishi ukuta, unamtazamisha mtu aliyekaa kwenye kochi. Kipimo kinachotumika sana ni kuzidisha ulalo wa kioo kwa 1.2 ukitaka uzamie kama uko sinema, au kwa 1.6 ukitaka kutazama kwa utulivu. Inchi 65 ni sentimita 165, kwa hiyo kochi likae kati ya mita 2 na mita 2.6. Kwa inchi 100 ni kati ya mita 3 na mita 4. Sebule ya mdogo wangu ina urefu wa mita nane, ila jiko na meza ya chakula vimekula nusu. Kochi liko mita 2.7 kutoka ukutani. Hesabu imeshajijibu: 65, au 75 kama roho haitulii.

Kosa la pili la ukuta mrefu ni kupandisha. Mtu anaona nafasi juu, anapachika TV juu. Ukiwa umekaa kwenye kochi, macho yako yako kama mita moja na kidogo kutoka sakafuni, na katikati ya kioo panatakiwa pawe karibu na hapo. Dari iwe mita tano au mita kumi na tano, shingo yako ni ileile.

TV ukutani au TV juu ya kabati

Kuning'iniza ukutani kunapendwa kwa sababu picha za mitandaoni zote ziko hivyo: kioo kimegandana na ukuta, hakuna waya. Kile ambacho picha haionyeshi ni kwamba waya ziko ndani ya ukuta, kwenye paipu lililozikwa kabla ya plasta. Kama nyumba ni yako na bado inajengwa, fanya hivyo bila kujiuliza mara mbili, na zika paipu pana kuliko unavyodhani, maana plagi ya HDMI, ule waya unaobeba picha na sauti, ni nene kuliko waya wenyewe. Kama umepanga, breketi inahitaji matundu manne ya maana, na mwenye nyumba atakukumbusha siku ya kuhama. Waya utabaki na trankini, ule mfereji wa plastiki, ambao ukipakwa rangi ileile ya ukuta unapotea vizuri kuliko watu wanavyoamini. Ukiachwa mweupe kwenye ukuta wa kijivu, ni mstari wa aibu.

Kuweka juu ya kabati kunadharauliwa. Mimi nakutetea. Kwenye lofti, kabati refu la chini, tuseme mita 2.4 kwa kimo cha sentimita 45, linafanya kazi ambayo breketi haiwezi: linaupa ukuta mrefu msingi. Jicho linapata mahali pa kutua. TV ikikaa juu yake, katikati ya kioo panaangukia karibu na mita moja, palepale panapotakiwa. King'amuzi, ruta, ekstensheni na kila kisichopendeza vinaingia ndani. Fundi wa Keko atakutengenezea kwa mninga au mkongo kwa kipimo chako, na siku ya kuhama unaondoka nalo.

Ila mwambie fundi mambo matatu, kwa sababu asipoambiwa atakutengenezea kabati la nguo lililolala. Mgongo uwe na matundu makubwa ya kupitisha nyaya na hewa, kwa kuwa king'amuzi kilichofungiwa kinapata joto na joto ndilo linaloua vifaa. Milango isiwe mbao tupu: miali ya rimoti za kawaida haipiti kwenye mbao. Henzirani iliyosukwa inapitisha miali hiyo kwenye vitundu vyake, inapitisha hewa, na inapendeza kwa namna yetu, si kwa namna ya katalogi. Na la tatu, ambalo hakuna aliyenieleza hadi nilipopanda ile ngazi ya chuma na kuangalia chini: kwenye lofti, kabati linaonwa pia kutoka juu. Vumbi lililojificha nyuma ya TV, ile mkufu wa ekstensheni, soksi ya mtoto, vyote viko hadharani kwa anayeamka. Kwa hiyo kabati liguse ukuta, na uso wake wa juu uwe na mfereji wa nyuma wenye kifuniko ambamo nyaya zinazama.

Mgongo wa TV nao ni suala kwa mwenye nyumba isiyo na kuta. Ukitaka TV ikae katikati ya chumba kutenganisha sebule na meza ya chakula, anayekula atatazama plastiki nyeusi na matundu. Kuna kampuni zilizolifikiria hili; Samsung ilitoa mwaka 2015 TV iitwayo Serif, iliyobuniwa na ndugu wawili Wafaransa, Ronan na Erwan Bouroullec, ambayo nyuma ina kitambaa kinachofunika sehemu ya nyaya. Ni nzuri kweli. Kwa wengi wetu, kuegemeza TV ukutani ni rahisi zaidi.

TV inayojifanya picha

Hii ndiyo mdogo wangu aliyoitaka mwanzo, na namwelewa. The Frame ya Samsung ilitoka 2017: TV yenye fremu kama ya picha, inalala bapa ukutani, ukiizima inaonyesha mchoro. Tangu toleo la 2022 kioo chake hakina mng'ao, kinatawanya mwanga badala ya kuurudisha kama kioo cha kujitazamia, na kwa dirisha kama lile la magharibi hiyo ni faida halisi, si urembo. Matoleo mengi yana kisanduku cha pembeni kinachopokea nyaya zote, kisha waya mmoja mwembamba unapanda hadi kwenye kioo.

Upande wa pili wa mizani: kwa pesa hiyohiyo unapata TV ya kawaida yenye mwanga mkali zaidi na weusi ulio bora zaidi. Maktaba yake kubwa ya michoro ni ya kulipia, ingawa picha zako mwenyewe unaweka bure. Na inapoonyesha mchoro inaendelea kula umeme, kidogo kuliko ukitazama filamu, lakini inakula. Mimi nina kinyongo kingine kidogo. Tuko Dar, mji ambao Edward Saidi Tingatinga alichora kwa rangi ya mafuta ya kung'aa kwenye vipande vya hadibodi vya mraba, na wanafunzi wa wanafunzi wake bado wanachora. Kutumia tofauti ya bei kununua kioo kinachoiga mchoro, wakati mchoro wenyewe unauzwa Oysterbay, kunanikera kidogo. Nunua TV ya kawaida, tundika Tingatinga juu yake, na ule ukuta wa mita tano utakuwa umepata mwenyewe.

Ukichagua TV ya kawaida kwa sebule yenye mwanga, usivutwe na OLED, ile ambayo kila nukta ya kioo hujiwasha na kujizima yenyewe, kwa kuwa dukani ilionekana kama kito. Dukani taa huwa zimepangwa. Weusi wake hauna mpinzani usiku, lakini kwa saa kumi jioni za dirisha hili, zile zinazoitwa Mini LED, zenye taa ndogondogo nyingi nyuma ya kioo, zina nguvu zaidi ya kushindana na jua.

Projekta

Sasa inchi mia za shemeji. Kuna aina mbili na zisichanganywe.

Ile ya kuning'iniza darini inahitaji umbali. Kwa projekta ya kawaida, picha ya inchi 100, yenye upana wa mita 2.2, inataka mashine iwe karibu mita 3.3 nyuma. Lakini dari yetu iko mita tano juu, kwa hiyo itabidi ishuke kwa nguzo ya chuma ya mita mbili na zaidi, katikati ya chumba, na HDMI ya mita kumi au zaidi. Waya wa kawaida wa shaba unaanza kusumbua kwa picha za 4K, zile zenye nukta nyingi sana, ukipita mita tano hivi. Hapo unahitaji ule wa nyuzi za kioo, ambao una ncha ya chanzo na ncha ya skrini, na fundi akiugeuza hupati picha mpaka uutoe tena. Kwenye lofti ya kupanga, aina hii niliifuta siku ileile.

Ile ya karibu, inayokaa juu ya kabati sentimita chache kutoka ukutani na kurusha picha juu, inaifaa lofti kuliko nyumba nyingine yoyote. Picha yake huanza juu: kabati sentimita 45, mashine juu yake, nafasi kidogo, na ukingo wa juu wa picha ya inchi mia unafika zaidi ya mita mbili. Nyumba ya dari fupi inabanwa. Hapa kuna anga. Ukiizima unabaki na ukuta, au skrini, na hakuna kioo cheusi kinachokukodolea macho mchana kutwa. Kwa mtu anayetaka teknolojia ipotee, hakuna kinachopotea kama hii.

Tatizo ni lilelile. Projekta haiwezi kuchora weusi. Weusi wake ni rangi ya ukuta wako ulivyo bila yeye. Jua likiupiga ukuta, weusi unakuwa mweupe. Wauzaji watakuambia kuna skrini maalumu inayokataa mwanga wa nje, nayo ipo, lakini ile iliyotengenezwa kwa mashine hizi inakataa zaidi mwanga unaotoka juu, kwenye taa za dari. Mwanga wa dirisha la pembeni unaingia. Na skrini hiyo pamoja na mashine ya leza ni bei ya mara kadhaa ya TV ya inchi 65. Ongeza pazia zito la mita nne na nusu, ambalo si pazia tena, ni mradi.

Umeme nao: TV ya inchi 65 inakula kama wati 120, projekta ya leza kama 300. Kwa saa nne kila usiku, mwezi mzima, ni uniti 14 dhidi ya uniti 36 za LUKU. Siyo pesa ya kukuzuia kama umeshamudu mashine, lakini ijue. Yoyote utakayochagua, weka kifaa cha kulinda umeme kati yake na soketi.

Niliwaandikia hivi kwenye karatasi ya daftari:

| | Jua la saa kumi | Kutoboa ukuta | Inafaa nani |
|---|---|---|---|
| TV ukutani | Vizuri, ukipata yenye mwanga mkali | Ndiyo | Mwenye nyumba yake |
| TV juu ya kabati | Vizuri vilevile | Hapana | Mpangaji, mwenye vifaa vingi |
| TV ya fremu | Vizuri sana kwa mng'ao | Kwa kawaida ndiyo | Anayepokea wageni kuliko anavyotazama |
| Projekta ya karibu | Vibaya | Skrini tu | Anayetazama baada ya saa mbili usiku |

Shemeji aliisoma, akasema mimi nimeshajiamulia. Kweli.

Sauti ndiyo inayoumbua lofti

Watu wanatumia wiki tatu kwenye kioo na dakika kumi kwenye sauti. Kwenye lofti ifanye kinyume. Sebule ya kawaida ya mita nne kwa tano yenye dari ya 2.8 ina mita za ujazo 56. Hii ya mdogo wangu, nane kwa tano kwa tano, ina 200. Zege, vioo, marumaru. Mwanafizikia wa Harvard, Wallace Sabine, alionyesha mwishoni mwa karne ya 19, akihamisha mito ya viti usiku na kupima mwangwi, kwamba sauti hudumu zaidi chumba kikiwa kikubwa na hupungua vitu laini vikiongezeka. Hakuna spika itakayoibatilisha hiyo. Lile kofi la shemeji lilichukua muda mrefu kufa. Maneno ya mtangazaji yatakuwa hivyohivyo, yakikanyagana.

Kwa hiyo spika ya kwanza kununua ni zulia. Nene, kubwa, lililo kati ya kochi na TV. Ya pili ni pazia zito lenye mikunjo. Ya tatu ni kochi la kitambaa badala ya ngozi. Mikeka ya ukili ukutani inapendeza lakini ni myembamba, haimezi kitu cha maana. Rafu la vitabu linasaidia zaidi, hasa vitabu vikiwa vya vimo tofauti. Waliowahi kuingia nyumba za zamani za Lamu wameona ukuta wa zidaka, safu juu ya safu za vishubaka vya plasta vilivyokuwa vikiwekwa vyombo vya kauri. Rafu la aina hiyo kuzunguka TV, likiwa na vyumba visivyolingana, linavunja mwangwi na pia linaifanya TV iwe kidaka kimoja kati ya vingi, si mfalme wa sebule. Hili ndilo wazo ninalolipenda kuliko yote humu.

Sasa vifaa. Saundibaa, zile spika ndefu za kulaza chini ya TV, zenye spika zinazoelekea juu zinategemea dari kurudisha sauti chini ili uhisi mvua au ndege iko juu yako. Dolby, wenye Atmos, teknolojia hiyo ya sauti ya kutoka juu, wanapendekeza dari bapa isiyozidi kama mita 4.3. Yetu ni tano. Utalipia spika zinazorusha sauti kwa wageni wa dari. Nunua saundibaa ya kawaida yenye spika ya katikati kwa ajili ya maongezi, au bora zaidi, spika mbili za rafuni zilizoachana mita mbili hivi, zikielekea kochini. Spika za kuzamisha kwenye jipsamu ya dari, kwa mita tano, sahau. Ziko mbali na sikio, na ukitaka kurekebisha kitu unakodi jukwaa la mafundi.

Sabufa ina kesi yake. Sisi watu wa Dar tunaipenda, na mwenye sebule tulivu mtaani anaonekana ana msiba. Lakini chumba cha kulala hapa hakina ukuta. Mlio mzito unapanda ngazi bila kubisha hodi. Kama mmoja wenu analala saa tatu na mwingine anatazama hadi saa sita, chagua kifaa chenye mpangilio wa usiku, unaobana milipuko na kuinua maongezi, na nunua pia hedifoni. Mdogo wangu ni nesi, anaamka saa kumi alfajiri. Sabufa ilikatwa kwenye orodha kwa kura moja.

Na ukitaka kuficha spika nyuma ya kitambaa, khanga nyepesi ya pamba inaweza. Ipime hivi: ipulize karibu na mdomo, pumzi ikipita bila kupingwa, sauti nayo itapita. Kitenge kizito kinaweza kuziba.

Kati ya TV na spika zenye tundu la HDMI, waya mmoja unatosha, ukichomekwa kwenye tundu lililoandikwa ARC au eARC, lile linalotoa sauti ya TV kwenda kwenye spika. Rimoti moja inaongoza vyote, na meza haigeuki kuwa duka la rimoti.

Walichonunua: Mini LED ya inchi 65, kabati la mninga lenye milango ya henzirani, spika mbili, zulia, pazia la kijivu linalofika sakafuni. Sehemu ya chini ya ukuta, hadi mita 2.1, imepakwa rangi ya kijani iliyoiva karibu na weusi, ili kioo kikizimwa kipotee humo. Juu yake ukuta umebaki mweupe. Zile taa ndogo nyekundu na bluu za king'amuzi na ruta, ambazo usiku zilikuwa zinawaka kama macho ya paka ukiwa kitandani juu, zimefunikwa kwa vipande vya utepe mweusi wa fundi umeme. Shemeji bado ana ile karatasi ya daftari. Kwenye mstari wa projekta ameandika kwa kalamu nyekundu, "tukijenga."